Vifaranga Sebuleni, Vyeti Chini ya Godoro

Binti yetu wa kwanza alipomaliza chuo, stoo ya nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, ilikuwa na magunia ya mahindi, baiskeli mbovu, na rafu ya mbao ambako mume wangu huhifadhi kila karatasi inayoweza kudaiwa na ofisi yoyote siku yoyote: risiti za kiwanja, kadi za kliniki, hati za bima. Msimu wa masika ulipokaribia, mahindi yalihamia jikoni, baiskeli ikatolewa uani, na stoo ikawa banda la vifaranga 200 wa kuku wa nyama. Rafu ilibaki palepale, na juu yake bahasha ya kaki yenye vyeti vya binti: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, na cha shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama. Miaka yote ya shule ya mtoto na jasho lote la wazazi wake vilikuwa juu ya ubao mmoja.

Kabla sijafika kwenye usiku wa mvua, nieleze vifaranga waliingiaje stoo.

Siku ya mahafali tulifanya kama wazazi wote wanavyofanya. Ndugu walikuja kutoka Kilosa na Ifakara, pilau ikapikwa uani, binti akavishwa mashada mpaka shingo haionekani. Kila aliyempa mkono alimwambia hongera, na kila hongera ilifuatwa na swali: "Sasa kazi unaanzia wapi?" Aliwajibu wote kwa adabu. Jioni nilimkuta chumbani ameketi kitandani, joho bado liko mwilini.

"Mama," aliniambia, "pongezi zinaniogopesha. Naona kila anayenipongeza ameanza kunihesabia siku."

Maneno hayo nimeyasikia tena, kwa namna nyingine, kwa rafiki zake waliomaliza naye. Mmoja anasema simu ikiita kwa namba ngeni moyo unamruka, halafu inakuwa mtu wa mtandao anatangaza vifurushi. Mwingine ameacha kwenda harusini, maana meza ya ndugu ni meza ya maswali. Wa tatu anasema kinachomuuma ni kumwona mama yake akimtetea kwa majirani. Vijana hawa hawakukata tamaa, na si wavivu. Wanaamka alfajiri. Wanachokosa ni jibu la kumpa mtu anayewauliza kwa upendo.

Nyumbani kwetu muulizaji mkuu alikuwa baba mkwe wangu, ambaye nyumba nzima humwita Babu. Kila asubuhi binti alimwamkia, "Shikamoo, Babu." Naye aliitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Wamekupangia wapi?"

Babu aliuliza hivyo kwa sababu ndivyo yeye alivyopata kazi. Alisoma hapahapa Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo ambacho mwaka 1984 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Barua ya kupangiwa kituo ilimkuta kabla hajafunga sanduku. Akaenda Tabora, akapewa nyumba, baiskeli na eneo la wakulima wa kuwahudumia. Anapenda kutusimulia jinsi wanafunzi waliomtangulia walivyoandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966, wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakiwa katika utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Babu husimulia habari hiyo kama somo la uzalendo. Mimi siku hizi naisikia kwa sikio jingine: ugomvi ule ulihusu masharti ya kazi na makato ya mshahara. Kwamba kazi yenyewe ipo, hakuna aliyekuwa na shaka.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 serikali ikapunguza watumishi, ikabana ajira mpya, mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Wakati huohuo shule zikaongezeka, na hilo lilikuwa jambo jema. Vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa, shule za sekondari za kata zikajengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa 2007. Mtoto wa mkulima wa Mvomero ambaye zamani angeishia darasa la saba akapata nafasi ya kuvaa joho. Nafasi za kazi za mshahara hazikukua kwa kasi hiyo. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, vijana zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakajaa majukwaani na bahasha zao kana kwamba kuna mechi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na maombi yaliyopokelewa yalizidi 130,000. Ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja.

Kwa hiyo Babu na mjukuu wake walikuwa wakisalimiana kila asubuhi kutoka nchi mbili tofauti, ingawa wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Binti hakukaa bure. Alijisajili kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira, akapandisha namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili. Muhuri ule hulipiwa. Alikwenda kujitolea kwenye duka la dawa za mifugo mjini, maana kila tangazo la kampuni lilidai uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu haupatikani bila mahali pa kuupatia. Dukani hakulipwa mshahara. Nauli ya daladala tulimpa sisi, chakula cha mchana alibeba kutoka hapa, bando la kutafutia matangazo ya kazi lilitoka kwa baba yake. Juu ya yote kulikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Siku atakapopata ajira, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kulipa deni hilo. Mshahara wenyewe bado haujulikani, lakini fungu lake la kwanza lina mwenyewe.

Watu husema vijana wanasubiri ajira, na maneno hayo yanaishia hapo. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba kusubiri ni kazi yenye gharama za kila siku, na mlipaji ni nyumba. Ni mama anayeuza maandazi, baba fundi seremala kama mume wangu, babu anayegawa pensheni yake. Foleni ndefu ya ajira nchini imesimama kwa sababu kuna jiko fulani mahali fulani linalompikia kila aliyemo ndani yake.

Hapo ndipo likazaliwa wazo la kuku. Binti na wenzake wanne waliomaliza naye waliunda kikundi. Waliandika katiba na muhtasari, wakaenda kwa afisa maendeleo ya jamii kuulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Taratibu za kusajili kikundi zina hatua zake, na wao walitaka kuanza. Nikakopa kwenye kikoba chetu cha wanawake wa mtaa, kwa dhamana ya hisa zangu. Babu akaongeza kutoka kwenye pensheni. Mume wangu akapasua mbao, akatengeneza duara la kuwakinga vifaranga na upepo, akamwaga maranda sakafuni. Taa ya joto ikaning'inizwa katikati.

Siku ya kwanza binti alinishika mkono akanipeleka stoo. "Mama, usiangalie kipimajoto peke yake. Angalia wanavyokaa. Wakijibana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kunywa, waache." Wiki ya kwanza alitaka nyuzi 32 hadi 35, kisha apunguze kidogo kila wiki. Siku ya saba aliwapa chanjo ya kideri. Chanjo ya gumboro ingekuwa siku ya 14, na kichupa chake kilikuwa ndani ya friji, kando ya mtindi.

Siku ya 12 mvua ikanyesha.

Ilianza magharibi, ikishuka kutoka upande wa milima ya Uluguru kwa kishindo. Kabla ya saa mbili usiku umeme ukakatika. Binti aliwasha jiko la mkaa uani, akaliacha liwake mpaka mkaa wote ukageuka mwekundu, akalifunika majivu kidogo na kuliingiza stoo, akaacha mlango wazi na dirisha wazi. Mume wangu akataka kufunga dirisha kwa sababu ya upepo. "Baba, tafadhali usifunge," alisema. "Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki. Itaua vifaranga, na sisi tukilala itatufuata." Baba yake akaliacha.

Wakati huo mdogo wake, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma na alikuwa nyumbani kwa likizo fupi, alipiga kelele kutoka sebuleni: "Dada! Mkeka umetoka!"

Kila aliye na mhitimu nyumbani anaujua mkeka. Ni orodha ya majina ya walioitwa kwenye usaili, faili lenye kurasa nyingi ambalo vijana hurushiana usiku wa manane. Simu ya kijana ilikuwa na chaji ya mwisho mwisho na mtandao ulikuwa ukisuasua kwa mvua. Tulijibana wote wanne nyuma ya bega lake. Majina yalipanda, kada baada ya kada, wahasibu, madereva, wakutubi, mafundi sanifu. Alipofika kwa Maafisa Mifugo Daraja la II akapunguza mwendo. Babu, ambaye macho yake hayaoni maandishi madogo, aliuliza mara kwa mara, "Yupo? Yupo?" Halafu kidole cha kijana kikasimama. Majina ya binti yetu yalikuwepo, yote matatu, bila herufi iliyopotea. Usaili wa mchujo, Dodoma, wiki ijayo. Aje na vyeti halisi.

Nilipiga kigelegele kilichoshinda ngurumo. Mume wangu alimkumbatia mwanawe. Babu akanyoosha mikono akashukuru Mungu kwa sauti. Ni binti peke yake aliyeinua kiganja kutunyamazisha.

"Sikilizeni," alisema. "Sauti yao imebadilika."

Tulisikiliza. Kutoka stoo, ile milio midogo ya kawaida ilikuwa imepanda juu na kuwa kilio kimoja kirefu. Alipofika mlangoni na kumulika, maji yalikuwa yameingia kupitia upenyo wa chini wa ukuta wa nyuma, maranda yanaelea, vifaranga wamerundikana upande mmoja, walio juu wanawakanyaga walio chini.

Sijawahi kuona nyumba yangu ikifanya kazi kwa umoja namna ile. Binti alitoa amri fupi fupi na kila mtu alitii, kuanzia mdogo wake hadi baba yake. "Mabeseni yote. Makarai. Maboksi ya viatu. Wanaotetemeka kwanza." Makochi yakasukumwa ukutani, zulia likakunjwa, magazeti ya zamani yakatandazwa, mume wangu akaleta gunia la maranda makavu kutoka kwenye karakana yake. Jiko likawekwa katikati ya sebule juu ya tofali, madirisha mawili yakaachwa wazi. Mapazia ya kitenge niliyoshona kwa ajili ya mahafali yakawa kinga ya upepo. Mimi niliwafuta vifaranga kwa kanga, mmoja mmoja, nikimkabidhi kijana, naye akimkabidhi Babu aliyeketi kwenye kigoda kando ya duara. Babu aliwashika chini ya kifua kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa zamani, akiwapuliza manyoya.

"Mama, friji," binti aliniambia. "Chanjo isipate joto. Inatakiwa ibaki kati ya nyuzi mbili na nane." Nilileta chupa ya chai, ile kubwa ya wageni. Akaisuuza kwa maji baridi, akatia vipande vya barafu vilivyobaki kwenye friza, akakifunga kichupa kwenye mfuko, akakitumbukiza na kukaza kifuniko. Akaandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika: CHANJO, MSIFUNGUE.

Ilikuwa saa sita imepita vifaranga walipoanza kutulia. Mvua ilikuwa imepungua. Ndipo mume wangu aliposimama ghafla na kusema neno moja: "Bahasha."

Bati la stoo lilikuwa limevuja juu ya rafu. Bahasha ya kaki ilikuwa nzito kwa maji. Binti aliipokea kwa mikono miwili akaiweka juu ya meza ya chakula, akakaa, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuwa na la kutuamuru. Machozi yalimtoka bila sauti. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa kimegandana na cha sita. Cha kuzaliwa kilikuwa kimechuja wino upande mmoja. Kijana alikimbilia kuleta pasi ya mkaa.

"Weka chini hiyo pasi," Babu alisema.

Alivuta kiti akakaa mezani. Alitueleza kwamba ofisi yake ya Tabora iliwahi kuezuliwa na upepo, mafaili yote ya wakulima yakalowa, na karani mmoja mzee akawafundisha namna ya kuyaokoa. Karatasi iliyolowa haitaki moto wala jua kali, maana itajikunja na kupasuka. Haitaki kuvutwa. Alitaka magazeti makavu, mengi. Akaingiza ukingo wa kisu cha siagi kati ya vile vyeti viwili, taratibu mno, akisogeza upana wa ukucha kisha akipumzika, mpaka vikaachana bila kuchanika. Kila cheti kikalazwa kati ya kurasa za gazeti, gazeti likabadilishwa kila lilipolowa, na kulipokaribia kupambazuka akavipanga vyote kati ya mbao mbili nyembamba za mume wangu, akaviweka chini ya godoro lake.

"Nitavilalia mimi," alisema. "Wewe mjukuu wangu nenda kapumzike. Umefanya kazi."

Nilimtazama alipotamka hivyo. Kwa miezi yote aliyokuwa akimuuliza wamekupangia wapi, hakuwahi kumwambia kwamba amefanya kazi.

Tulipoteza vifaranga 17. Vyeti vilipona. Cha shahada kina mstari wa maji wa rangi ya chai upande wa chini, vya sekondari vimepinda kidogo pembeni, na kwa kile cha kuzaliwa wakili alituandikia hati ya kiapo kueleza kilichotokea. Hati hiyo nayo hulipiwa.

Binti alikwenda Dodoma kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari mwaka 2024, akalala kwa wasichana wanaosoma darasa moja na mdogo wake ili tuokoe pesa ya nyumba ya wageni. Kabla ya kuondoka alibandika ukutani ratiba ya vifaranga. Siku ya gumboro Babu ndiye aliyechanja. Alitumia maji ya kisima yasiyo na dawa, akayachanganya na maziwa ya unga kama alivyoelekezwa, akawanyima maji ya kawaida kwa muda ili waje na kiu, akasimama na saa mkononi. Jirani aliyepita uani alimuuliza mjukuu ameshapata kazi. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia jibu: "Mjukuu wangu ni mtaalamu wa mifugo. Yuko Dodoma kwenye usaili, na haya unayoyaona ni maelekezo yake."

Usiku mmoja katika siku hizo kijana wetu alinifuata jikoni. Alikuwa amebeba jambo zito. "Mama, Dada ana GPA kubwa kuliko yangu. Anajua kazi, tumeona wote. Kama yeye yuko hapa, mimi nikimaliza nitakuwa wapi? Hivi ada mnayonilipia si bora nifungue nayo duka?"

Nilimwambia akae. Sikumdanganya kwamba kila asomaye hupata. Nilimwambia kwamba usiku wa mvua mtu aliyejua dirisha lisifungwe alikuwa mmoja tu katika nyumba ya watu wazima, na alilijua darasani. Nilimwambia pia kwamba elimu ya dada yake iliokoa vifaranga, lakini haikuweza kuzuia bati kuvuja, wala kurudisha umeme, wala kumpa mtaji. Hayo yana wenyewe wa kuyafanya, na tusimbebeshe yeye. Amalize chuo, na aanze kujifunza kazi kwa mikono angali huko, kwa sababu tumejua mapema kile ambacho dada yake alikijua siku ya joho.

Nalisema hili pia kwa wanaowahubiria vijana wajiajiri. Kuku wetu walifika wiki ya sita. Mama lishe wa Msamvu walichukua wengi, wauza chipsi wakachukua waliobaki. Tulilipa chakula cha kuku, tukalipa kikoba na riba yake, tukarudisha pensheni ya Babu. Kilichobaki kilitosha kuanzisha kundi la pili na kuwapa vijana watano kitu kidogo mkononi. Kuku hawa ni kazi ya kweli na ninaiheshimu. Bado isingewezekana bila stoo ya bure, seremala wa bure, mkopo wa mama na babu mwenye pensheni. Kijana asiye na nyumba ya namna hii anapoambiwa ajiajiri, ameambiwa nusu ya maneno.

Dodoma binti alifaulu mchujo, akaitwa mahojiano ya ana kwa ana, akafaulu. Nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu, jina lake likaingizwa kwenye kanzidata, ambako huchukuliwa watu nafasi zinapopatikana. Alipotueleza hakulia. Alisema, "Sasa najua kwamba ninafaa. Zamani nilikuwa nahisi labda ni mimi." Mwanangu alikuwa ameishi na hisia hiyo kifuani tangu siku ya joho, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemjengea hoja ya kuiondoa. Iliondolewa na swali la usaili alilolijibu vizuri, na usiku mmoja wa kuamuru watu wazima wakatii.

Babu, kwa desturi yake ya ofisini, alikuwa ameandika yote kwenye daftari. Muhuri wa wakili. Bando. Nauli za dukani. Picha za pasipoti. Hati ya kiapo. Treni kwenda na kurudi. Chakula Dodoma. Aliponipa nijumlishe, nililibeba daftari lile hadi kwenye kikao cha kikoba.

Kikoba chetu kina mfuko wa jamii. Kila mwanachama hutoa kiasi kidogo kila wiki, na pesa hiyo huchukuliwa kwa misiba, ugonjwa na uzazi. Nilisimama nikaomba tuongeze jambo la nne: nauli na karatasi za mtoto wa mwanachama anayeitwa kwenye usaili au anayejitolea bila kulipwa. Nikasema kwamba mzigo huu tumekuwa tukiubeba kila mmoja nyumbani kwake, kwa siri, kana kwamba ni aibu, wakati hakuna nyumba katika kikao kile isiyo na mhitimu au mwanafunzi. Nikasema pia tuandike barua moja kwa diwani, tuombe usaili uletwe karibu na watu, kama ule wa walimu ulioanza Januari 2025 ulivyopelekwa mikoani, na anayetumia vijana wa kujitolea alipe walau nauli na chakula.

Nikafungua daftari nikawasomea fungu moja moja. Kwanza walinyamaza. Nilipofika kwenye bando, mmoja akaitikia, "Hilo ndilo linalonimaliza." Kwenye muhuri wa wakili wakaitikia watatu kwa pamoja. Mwenye mtoto aliyesomea uuguzi akasema wake anajitolea mwaka wa pili sasa. Mwenye mtoto wa sheria akasimama kabisa. Katibu akachomoa kalamu, akaanza kunakili kwenye daftari la kikoba, na mama mmoja aliyekaa nyuma, muuza samaki ambaye hazungumzi mara nyingi kikaoni, akainua mkono.

"Andika na viatu," alisema. "Mwanangu aliazima viatu vya usaili. Viatu hamjaviandika."

Katibu akaandika viatu.